Kanga na Jiwe la Kujikuna

Mwaka ule mvua ilipita nyika ya Ndololo kama mgeni aliyekosea nyumba: ilichungulia, ikaomba radhi, ikaenda zake. Mabwawa yalikauka moja baada ya jingine, matope yakapasuka vipande vipande kama ukoko wa ugali, na mwishowe maji yakabaki mahali pamoja tu, Ufani.

Ufani palikuwa na mwamba mrefu uliopasuka katikati. Ndani ya ufa huo kulikuwa na njia nyembamba ya kupita mnyama mmoja kwa wakati, na dari yake ilikuwa ya chini, hata mwenye shingo ndefu hakupita ila ameinama. Katikati ya njia, pembeni, palikuwa na bakuli la mwamba ambalo maji yalichuruzika ndani yake polepole bila kukoma. Mbele zaidi njia iliishia kwenye tundu dogo linalotazama mteremko. Miaka ya neema maji ya ziada yalimwagikia huko. Miaka hiyo ilikuwa imepita.

Fisi alipaona Ufani mapema kuliko wenzake. Alihamia humo na kutangaza kwamba Simba amemteua kuwa msimamizi wa maji, na kwamba kila anayekunywa alete kitu kidogo cha kumshukuru msimamizi kwa kazi yake ngumu ya kulala karibu na maji. Kitu kidogo hicho mwanzoni kilikuwa mfupa. Haukupita muda kikawa mfupa wenye nyama. Kisha yakawa mayai. Tumbo la Fisi likatuna na kuning'inia, naye akawa analalamika mbele ya wanyama wenye kiu kwamba madaraka yanachosha.

Kila aliyefika alinung'unika. Lakini njia ilikuwa ya mmoja mmoja, na mmoja mmoja hakuna aliyemweza Fisi. Basi walitoa walichotoa, wakanywa, wakaenda kunung'unika mbali kidogo.

Miongoni mwao alikuwamo Kanga. Kanga alikuwa na vifaranga saba na wasiwasi wa vifaranga sabini. Kila jioni aliwahesabu, halafu akawahesabu tena kuanzia upande wa pili, asije akawa alianzia upande mbaya. Akiona kivuli cha tawi alipiga kelele ya chui. Akiona chui alipiga kelele hiyo hiyo. Wanyama wa Ndololo walishamzoea, na aliposema kuna hatari, waliokuwa wakitafuna waliendelea kutafuna.

Siku moja alipeleka yai lake Ufani kama kawaida. Fisi hakulitazama. Alimtazama Kidoti, kifaranga mdogo kuliko wote, aliyeitwa hivyo ingawa madoa yake yalikuwa bado hayajatoka, na aliyechechemea kidogo mguu wa kushoto.

"Bi Kanga," Fisi alisema kwa upole, "mwezi ukiandama, niletee huyu. Wengine unao, na huyu hata kutembea ni taabu kwake. Nakupunguzia mzigo."

Kanga aliuliza kama msimamizi hawezi kuendelea kupokea mayai.

"Mayai yananipa kiungulia," alijibu Fisi.

Kanga aliondoka na wanawe huku akiwaza mbele na nyuma. Mto Mkubwa ulikuwa na maji, lakini ulikuwa mbali mno kwa miguu ya vifaranga. Kuwapeleka huko ilikuwa kuwaua wote kwa ajili ya kumwokoa mmoja. Kubaki ilikuwa kumtoa Kidoti mwezi huu, na mwezi unaofuata kumtoa mwingine. Usiku huo aliwahesabu mpaka vifaranga wenyewe wakamwomba anyamaze walale.

Kwanza alikwenda kwa Simba. Alimkuta amejinyoosha kivulini, mkia ukifukuza nzi. Alimweleza yote, tangu mfupa wa kwanza hadi Kidoti. Simba alisikiliza jambo moja tu.

"Analitumia jina langu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na wanyama wakilisikia wanatii?"

"Wanatii, Mheshimiwa."

Simba alifumba macho kwa raha. "Basi bado ni jina zuri," alisema, akalala.

Ndipo Kanga alipokwenda kwenye Jiwe.

Jiwe la Kujikuna lilisimama kwenye njia panda, kubwa, limelainika kwa ubavu wa wanyama wengi. Hapo awali lilikuwa la kupe. Mnyama akiwashwa alisimama, akajisugua, akaendelea na safari. Lakini kila aliyejisugua aliacha harufu yake, na aliyefuata aliinusa, akajua fulani amepita hapa, ameshiba, amenuna, anatafuta mchumba. Yeye naye akaongeza yake. Hivyo ndivyo wanyama wa Ndololo walivyopata Jiwe lao, na kila aliyewahi kulisugua alihesabiwa kuwa mwanachama. Kiingilio hakikuwapo, mikutano haikuwapo, na kazi haikuwapo. Chama kilipendwa sana.

Mwenyekiti wake alikuwa Sungura. Hakuna aliyemchagua. Siku moja tu alikaa juu ya Jiwe na kuanza kuwasalimu wapitao kwa sauti ya mwenyekiti, nao wakaitikia. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu: mwenye shida hujisugua mahali pake, na anayekubaliana naye hujisugua papo hapo juu ya harufu ile. Harufu ikikolea, jambo ni zito.

Tatizo la Kanga ni kwamba ndege hakujaliwa pua. Kwake Jiwe lilikuwa jiwe. Alijikwaruza pale kwa bawa alipoonyeshwa, akamwomba Sungura amsomee.

Sungura alinusa, akatikisa masikio. Alimwambia ametia uchungu wa kutosha, hata yeye mwenyewe machozi yanamlenga, na kwamba asubiri aone wanachama watakavyoitika.

Wakaitika. Nyati alijisugua mpaka Jiwe likatikisika. Pundamilia walikuja kundi zima, na baadhi yao walirudia, ingawa mara ya pili ilikuwa ni kwa sababu ya kupe. Twiga alishindwa kufikisha ubavu, akainama akapaka kidevu. Hata Simba alipita jioni, akajisugua mara moja, na tangu hapo hakuna aliyeweza kunusa kitu kingine chochote. Kanga aliona hilo ni tatizo, maana sasa hawajui nani yumo na nani hayumo. Sungura alimjibu kwamba hiyo ndiyo maana ya sauti moja.

Siku iliyofuata Kanga alifika akamkuta Fisi ubavuni mwa Jiwe, amefumba macho, anajisugua papo hapo juu ya shida yake.

Fisi alipomwona hakuona haya. Alieleza kwamba hata yeye anasikitishwa mno na yanayotokea Ufani, kwamba hali si nzuri, na kwamba kuna haja ya kitu kufanyika. Kisha akajipangusa, akarudi Ufani kupokea mayai.

"Mwenyekiti," alisema Kanga, "huyo ndiye tunayemlalamikia."

"Nimemwona," alisema Sungura. "Umeona jambo lako lilivyokua? Limemgusa hata yeye."

"Kwa hiyo atatoka?"

"Dada, taratibu. Kwanza tuwe wengi."

Hata hivyo Kanga alimbana, kwa kuwa mwezi ulikuwa umebaki ukucha tu, na siku ikapangwa. Wote waliokubali wakutane mlangoni Ufani alfajiri ya keshokutwa, wamtoe Fisi. Sungura aliitangaza kwenye Jiwe. Jioni hiyo Jiwe lilinukia mpaka ng'ambo ya korongo, na wanyama walipolipita waliinua vichwa na kujisikia wakali.

Kanga hakuwa mtu wa kuliacha jambo lijiendee. Alipitia orodha yote kichwani, akimpima kila mmoja kwa mwendo wake, akafika kwa Kobe na moyo ukamruka. Kobe, mpana kama sufuria ya harusini, alikuwa na mwendo wa kitu kinachofikiria kusimama. Akingoja tangazo atafika Ufani mwezi ujao. Basi Kanga alikwenda kwake mbio, akamkuta anatafuna kipande cha tawi la mnyaa, akamwambia aanze safari sasa hivi.

Kobe alimaliza kutafuna. "Sawa, Bi Kanga," alisema, akageuka, akaanza.

Alfajiri iliyopangwa, Kanga aliwaacha vifaranga chini ya kichaka akaja Ufani na shingo imenyooka. Alitarajia vumbi, kwato, pembe. Alimkuta Kobe, amefika usiku, anapumua.

Walingoja. Jua likatoa kichwa, likatoa mabega, likapanda. Hakuna aliyekuja. Kanga alianza kuwatafutia sababu: labda wamepotea njia, labda wamekutana na chui, labda amekosea siku. Aliihesabu siku upya kuanzia upande wa pili.

Hawakuwa wamepotea. Nyati alikuwa ameamka, akakumbuka jinsi Jiwe lilivyonukia, akajiambia kwamba kwa umati ule yeye atakwenda kubanana bure. Pundamilia kila mmoja alidhani kundi limekwenda, na kundi lilikuwa hapo hapo likidhani hivyo hivyo. Twiga aliona kidevu chake kimeshasema yote. Simba alikuwa na hakika kwamba harufu yake peke yake imetosha kumfukuza Fisi, na alipogeukia upande wa pili alijiona amefanya kazi kubwa. Sungura alibaki kwenye Jiwe, kwa sababu mwenyekiti akiondoka nani atajua kwamba watu wamejitokeza?

Jua lilipokuwa juu, Fisi alitoka mlangoni akipiga miayo. Aliwatazama.

"Mmekuja wangapi?"

"Wawili," alisema Kanga, maana hakujua kudanganya kwenye hesabu.

Fisi alicheka mpaka tumbo likagonga magoti. "Jana nililinusa Jiwe," alisema. "Lilinukia jeshi. Nikajua leo nitalala mpaka saa hizi. Hasira yao yote wameshaipaka kule, Bi Kanga; huku watakuja na nini? Mwezi ni kesho jioni. Mlete akiwa ameshiba, tafadhali."

Akarudi ndani.

Kanga alikaa chini mavumbini. Alisema mambo mengi kwa mfululizo: kwamba hakuwaeleza vizuri, kwamba huenda alikwaruza Jiwe kwa bawa lisilofaa, kwamba yeye ni mpiga kelele na wapiga kelele huishia hivi, kwamba Kidoti leo asubuhi alimuuliza kama Ufani kuna kivuli. Kobe alingoja mpaka akaishiwa pumzi.

"Bi Kanga, mimi pale kwenye Jiwe sijawahi hata kufika," alisema. "Ni mbali."

Kanga alimtazama. "Kwa hiyo ulikuja kwa nini?"

"Ulikuja nyumbani ukaniambia, 'Kobe, anza sasa hivi.' Nikaanza." Alifikiri kidogo. "Wenzangu uliwaambia nini?"

Kanga aliwapitia tena kichwani, mmoja mmoja. Wenzake hakuwaambia kitu. Aliliambia Jiwe.

Aliinuka, akajikung'uta. Wasiwasi wake haukuwa umepungua hata kidogo, ila sasa ulikuwa na mahali pa kwenda. Alisimama mlangoni mwa ufa akachungulia kwa jicho moja, kisha la pili, akaipima ile njia: upana wa Kobe na vidole viwili vya ziada. Hapo akaona jambo ambalo kwa hofu yake ya siku zote hakuwahi kuliona. Nyati asingepata pa kugeuzia pembe humu. Pundamilia wasingeingia kundi zima. Hata jeshi lile lote lingefika, lingesimama nje likisukumana na kusifiana. Humu unaingia mstari, na mambo ya mstari Kanga aliyajua. Kanga wote hutembea hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja macho kwenye mkia wa aliye mbele yake; hakuna anayeulizwa kama anaunga mkono, anaulizwa tu yuko nyuma ya nani.

Alimwomba Kobe asiondoke pale, ombi ambalo kwa Kobe lilikuwa jepesi, akaenda kwa Ngiri.

Ngiri alikuwa shimoni kwake. Kama kawaida ya ngiri, alikuwa ameingia kinyumenyume, meno yake makubwa yakitazama mlangoni. Alimwona Kanga, akawahi kusema kwamba lile jambo limemuuma sana, na kwamba yeye alijisugua pande zote mbili.

"Nashukuru," alisema Kanga. "Kesho alfajiri utakuwa wapi?"

Ngiri alisema itategemea. Kanga aliuliza itategemea nini. Ngiri alisema itategemea ni nani wengine wanakwenda, kwa sababu hapendi kuwa peke yake.

"Mbele yako yupo Kobe. Ameshafika, yuko mlangoni," alisema Kanga. "Nyuma yako atakuwa yule utakayemleta wewe mwenyewe. Mmoja tu. Nakungoja hapa umfuate."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Ngiri alimweleza kuhusu goti lake. Kanga alisikiliza habari za goti mpaka mwisho, akampa pole ya kweli kabisa, akabaki amekaa mlangoni. Ngiri akamkumbusha kuhusu Jiwe, kwamba pengine litangazwe upya, safari hii kwa nguvu. Kanga akabaki. Kisha, kwa kuwa muda ulikuwa ukienda na yeye alikuwa na hofu ya kweli, akaanza kulia ile sauti yake, kwe-kwe, kwe-kwe, ile ambayo nyika nzima ilikuwa imejifunza kutoisikia. Lakini kutoisikia kwa mbali ni kitu kimoja, na kutoisikia ikiwa imeingizwa kwenye shimo lisilo na mlango wa pili ni kitu kingine. Ngiri alivumilia kidogo, halafu akatoka.

"Namfuata Mhanga," alisema kwa uchungu. "Nyamaza tu."

Mhanga alikuwa mchimbaji, mwenye pua ya bomba na masikio marefu, na mashimo yote walimolala nusu ya wanyama wa Ndololo aliyachimba yeye. Hata la Ngiri. Alikuwa amelala, maana kazi zake ni za usiku. Ngiri alimwamsha akamwambia anahitajika kesho nyuma yake. Mhanga hakuwa na la kuuliza isipokuwa kama kuna kuchimba. Aliambiwa ni kusukuma. Akasema si tofauti sana, akaenda kumwamsha mpangaji wake mwingine, Nungunungu.

Nungunungu alikuwa mnyama wa maneno machache, na maneno machache yalimtosha, kwa sababu ya miiba. Aliposikia kwamba kila mtu anamleta mmoja, alisema, "Mimi namleta Mwenyekiti."

Kanga, aliyekuwa amefuatana nao, alimuuliza kama anadhani Sungura atakubali.

Nungunungu alishaanza kutembea. Alikwenda mpaka kwenye Jiwe. Sungura alimpokea vizuri, akamwambia kwamba yuko nao kwa moyo wote, kwamba anawafikiria, kwamba wangekuwa na mwenyekiti mwingine asiye na majukumu haya angeshauri aende. Nungunungu alimzunguka polepole, akamgeuzia mgongo, akasimamisha miiba yote, akaanza kutembea kinyumenyume kuelekea pale Sungura alipokaa. Sungura alijikuta yuko njiani. Kila aliposita kutoa hoja, alijikuta tena yuko njiani.

Siku hiyo hakuna hata mmoja wao aliyepita kulisugua Jiwe. Hawakuwa na nafasi. Jioni Fisi alikwenda kulinusa, kama alivyozoea kabla ya kula. Alikuta harufu za juzi zimepoa, za jana zinafifia, na hakuna jipya. Alifurahi. Wamechoka, alijiambia, sasa hata kukasirika hawawezi. Akarudi Ufani, akampita Kobe mlangoni bila kumjali, akala akiba yote ya mayai na mifupa kwa furaha, akajilaza katikati ya njia kichwa kikielekea mlangoni, tumbo limejaa ukuta hadi ukuta.

Alfajiri Kanga aliwapanga, akibadilisha mara mbili na kurudia mpango wa kwanza. Mbele Kobe, kwa sababu haumwi. Nyuma yake Ngiri, meno yakipita juu ya gamba la Kobe ili pasibaki nafasi. Nyuma yake Mhanga. Nyuma yake Sungura, aliyeomba kuwa nje kama mtazamaji, na hakusikilizwa. Mwisho kabisa Nungunungu, aliyeingia kinyumenyume, miiba ikielekea mbele, ili atakayerudi nyuma ajue amerudi. Kanga mwenyewe alijibana juu ya mgongo wa Ngiri, chini ya dari. Alijua kwamba meno ya Fisi yakipata nafasi hata ndogo, yeye ndiye laini kuliko wote humo.

Kobe alitangulia. Ilichukua muda.

Fisi aliamka pua yake ilipoguswa na kitu kigumu. Alikiuma. Meno yakateleza. Akauma tena, safari hii kwa hasira, na Kobe akavuta kichwa na miguu ndani kimya kimya, akawa kizibo.

"Nani huyo?" aliuliza Fisi.

"Sote," alisema Kanga. Kisha akalia, "Kwe!"

Kwenye kwe hiyo Ngiri alimsukuma Kobe, Mhanga akamsukuma Ngiri, na Sungura, ambaye miiba ilikuwa imemfikia mahali pa kukalia, alimsukuma Mhanga kuliko alivyowahi kusukuma kitu chochote maishani mwake. Kobe aliteleza hatua moja. Fisi akateleza hatua moja.

"Kwe!"

Fisi alijaribu kugeuka. Njia haikuruhusu; ingekuwa mwaka jana, alipokuwa mwembamba, angeweza. Alijaribu kuruka juu ya Kobe akakutana na meno ya Ngiri. Akanyoosha shingo kumfikia Kanga, na pumzi yake yenye harufu ya mayai ikampiga usoni, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho Kanga akashukuru kwamba hana pua. Aliendelea kulia. Kila kwe, hatua. Walilipita bakuli la maji, Fisi akirudi kinyumenyume, makucha yakikwaruza mwamba.

Alianza kuzungumza. Alisema kuna kutoelewana. Alisema mayai yanatosha, hata mfupa unatosha, hata asante inatosha. Aliwakumbusha kwamba na yeye ni mwanachama, alijisugua, liulizeni Jiwe. Kutoka nyuma, Sungura alisikika akisema kwa sauti ya maumivu kwamba ni kweli, yumo, lakini sukumeni.

Wakafika kwenye tundu la mwisho. Miguu ya nyuma ya Fisi ilipita, mkia ukapita, na tumbo likakwama. Mayai ya Ndololo nzima yalikuwa humo. Walisukuma, hakwenda. Fisi alitabasamu, akapumua, akaanza kusema kwamba basi wazungumze kama watu wazima.

Kanga aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, akatoa kelele yake ya chui, ile ndefu.

Na Nungunungu, ambaye mchana hulala na hakuwahi kuizoea kelele hiyo, aliamini nyuma yake kuna chui kweli. Akamrukia kinyumenyume, kama nungunungu wafanyavyo kwa adui, kwa nguvu zake zote. Sungura akapaa. Mhanga akamgonga Ngiri, Ngiri akamgonga Kobe, na Fisi akatoka tunduni kwa mlio wa kifuniko cha chungu, akabiringika mteremko wote, mawe na miiba ya mgunga, hadi chini kabisa kwenye korongo. Alisimama akayumba. Akatazama juu, akaona tundu lile lote limezibwa na gamba, na juu ya gamba meno. Akachechemea kuelekea upande wa Mto Mkubwa, na kwa tumbo lile safari haikuwa fupi. Ndololo hakuonekana tena.

Habari zilifika Jiweni kabla ya washindi. Kufikia mchana wanyama walikuwa wamejaa Ufani, wakinywa kwa zamu na kupongezana. Nyati alisema walimwonyesha. Pundamilia walisema siri ni umoja. Simba alipanda juu ya mwamba akasimama jua likiwa nyuma yake, akaeleza kwamba hakuwahi kumteua Fisi na kwamba alikuwa anasubiri tu kuona. Sungura hakuweza kukaa, kwa hiyo alihutubia amesimama, na alipendekeza kwamba ushindi huu ukasuguliwe Jiweni na wanachama wote leo leo. Wakashangilia, wakaondoka kwa shangwe, na Jiwe lilinuka mpaka msimu mwingine.

Mhanga alikwenda kulala. Kobe aligeuka kuelekea nyumbani.

Kanga aliwaleta wanawe Ufani pakiwa pametulia. Waliingia mmoja nyuma ya mwingine, Kidoti wa mwisho, akichechemea. Kidoti alichota maji, akainua kichwa yateremke kooni, akachota tena, mpaka kifua chake chote kikalowa. Kisha akatazama nje, kule ambako sauti za umati zilikuwa bado zinasikika kwa mbali.

"Mama, wote wale ndio waliokuja kunisaidia?"

"Wale walikubali," alisema Kanga.

"Waliokuja ni wangapi?"

Kanga, ambaye hakuna kitu alichowahi kukiacha bila kukihesabu, alitazama maji yakipanda polepole kwenye bakuli.

"Walitosha," alisema. "Kunywa."

Hapa ndipo ninapoiweka chini hadithi hii. Aliyeipenda asinitikisie kichwa tu. Aende kwa mmoja, akae mlangoni pake, amsimulie.